Zumu ya safari kwa bajeti ndogo: mwongozo wa mnunuzi wa kamera Dodoma

Safari ya siku mbili tatu kutoka Dodoma mjini inaweza kukukutanisha na picha zisizofanana kabisa. Ukienda Kolo, wilayani Kondoa, michoro ya miambani iko hatua chache mbele ya macho yako, ila imejificha kwenye kivuli cha mwamba. Ukienda Singida, heroe wa ziwa Singidani husimama majini, mbali na ukingo. Ukishuka kuelekea Iringa unapita bwawa la Mtera lenye viboko na ndege wa majini. Na jioni ya ngoma Chamwino wachezaji wanaruka huku jua limeshazama. Yote hayo unataka kuyapiga kwa kamera moja, na pesa si nyingi.

Ukiulizia zumu, yaani lenzi inayoweza kuvuta kitu cha mbali au kurudi kwenye upana, wauzaji wengi watakujibu kwa namba: mara 30, mara 50, mara 83. Ushauri wangu ni tofauti. Kama bajeti ni ndogo, lipia kwanza mwanga, kisha lenzi inayofika umbali wa wastani, na urefu mkubwa uje mwisho, kama bado utauhitaji. Hatua zinazofuata zinaeleza sababu, na namna ya kuingia dukani ukijua unachotafuta.

Hatua ya 1: Anza na simu uliyonayo

Kamera kuu ya simu nyingi za kisasa huona upana unaolingana na lenzi ya milimita 24 hadi 28 kwenye kamera ya filamu. Kwa hiyo upande wa upana tayari unao mfukoni. Tambarare yenye mibuyu, mwamba mkubwa, ua la nyumba, watu kumi waliosimama mstari mmoja: mchana, simu inavimudu.

Fungua picha za safari zako zilizopita utafute zile zilizokushinda. Chukua karatasi, andika maneno matatu: mbali, giza, mwendo. Kila picha iliyoharibika iwekee alama chini ya neno lake. Ndege aliyetoka kama nukta ni mbali. Sura ya bibi jikoni iliyojaa chengachenga ni giza. Mtoto aliyetoka na mikono miwili ya ukungu ni mwendo. Neno lenye alama nyingi ndilo unalokwenda kulilipia. Usiruke hatua hii. Bila hiyo karatasi, muuzaji ndiye atakayekuamulia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umbali

“Mara 30” haisemi zumu inafika wapi. Inasema tu kwamba urefu mkubwa ukigawanywa kwa urefu mdogo unapata 30. Lenzi ya 70–300 ni mara 4 na kidogo tu, lakini inavuta mbali kuliko ya 18–200 ambayo ni mara 11. Namba ya kuulizia ni milimita zinazolinganishwa na kamera ya filamu, yaani ile yenye fremu ya milimita 36 kwa 24.

Ili kuzipata, zidisha milimita zilizoandikwa kwenye lenzi kwa namba ya sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Sensa ya APS-C, iliyomo kwenye kamera nyingi zinazobadilishwa lenzi, ni 1.5 kwa Nikon au Sony, na 1.6 kwa Canon. Sensa ya Micro Four Thirds, ndogo kidogo kuliko APS-C, ni 2. Sensa ya inchi 1 ni 2.7. Vile visensa vidogo vya kamera nyingi za zumu ndefu ni takriban 5.6. Lenzi ya 18–140 kwenye Nikon ya APS-C ni sawa na 27–210. Ya 55–250 kwenye Canon ni sawa na 88–400.

Sasa hesabu yenyewe, na hii ningependa uiandike nyuma ya ile karatasi. Upana wa kinachoonekana kwenye picha, kwa mita, ni umbali wa kitu mara 36, gawanya kwa milimita za kulinganisha. Ukitaka kimo cha picha iliyolala, tumia 24 badala ya 36.

Mchezaji wa ngoma yuko mita 20. Kwa milimita 210 unapata mita 3.4. Ukiisimamisha kamera, hicho ndicho kimo chake: mchezaji mzima anaingia, na nafasi ya kuruka inabaki. Kiboko yuko mita 50 kutoka mtumbwini. Kwa milimita 400 fremu ina upana wa mita 4.5, na kiboko mzima anaijaza. Heroe mwenye kimo cha mita 1 yuko mita 100. Kwa milimita 400 fremu ina kimo cha mita 6, kwa hiyo ndege ni moja ya sita ya picha. Kundi la heroe litatoka vizuri sana, mmoja peke yake atakuwa mdogo. Kwa milimita 2000 yuleyule anakaribia kuijaza fremu.

Hapo ndipo watu hununua milimita 2000. Kabla hujatoa pesa, fikiria hewa ya huku kwetu. Jua likishapanda, ardhi kavu ya Dodoma na Singida hutoa joto, na hewa iliyo juu yake huchezacheza. Macho hayaoni sana, ila lenzi ndefu huikuza hewa hiyo pamoja na ndege. Picha inatoka laini na yenye mawimbi, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoirekebisha. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, kitu kilicho mita 200 ng'ambo ya tambarare hakitatoka safi hata ukiwa na kamera ya mamilioni. Dawa ni kusogea, au kuwahi alfajiri. Vyote viwili ni bure.

Kwa safari za kati ya nchi, ningeweka mipaka hivi: milimita 200 za kulinganisha zinatosha watu, ngoma, masoko na milima. Milimita 400 zinatosha viboko wa Mtera na ziwa Babati na wanyama wa karibu na gari Tarangire au Ruaha. Zaidi ya hapo ni kwa mpenzi wa ndege hasa.

Hatua ya 3: Pima mwanga, usipime urefu peke yake

Sensa ya APS-C ya Nikon ina ukubwa wa milimita 23.5 kwa 15.6. Ya inchi 1 ni 13.2 kwa 8.8. Ile ndogo ya zumu ndefu ni takriban 6.2 kwa 4.6. Kwa eneo, APS-C ni zaidi ya mara 3 ya inchi 1, na karibu mara 13 ya ile ndogo. Jua la saa 6 mchana halikuonyeshi tofauti kubwa. Chini ya mwamba wa Kolo, au jioni, tofauti inakuwa picha dhidi ya chengachenga.

Kitu cha pili ni tundu la lenzi, ile namba ya f. Namba ndogo ni tundu kubwa. f/2.8 hupitisha mwanga mara 4 ya f/5.6. Lenzi za zumu huandikwa namba mbili, kama f/3.5–5.6: ya kwanza ni ukiwa kwenye upana, ya pili ukiwa umevuta mpaka mwisho. Isome ya pili, kwa sababu ndiko utakakokuwa unahangaika.

Namba hizi mbili husomwa pamoja, na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Kamera ya sensa ya inchi 1 yenye lenzi ya f/4 kwenye milimita 400 haiachwi mbali na APS-C yenye lenzi ya bei nafuu ya f/5.6 kwenye urefu uleule. Sensa kubwa inashinda kwa mara 3 hivi, tundu linarudisha mara 2, na pengo linalobaki ni dogo. Kwa hiyo usiidharau kamera isiyobadilishwa lenzi kwa sababu ya umbo lake tu. Soma namba zake.

Kituliza mtikisiko kilichomo kwenye lenzi ni kizuri kwa kitu kilichosimama. Mwamba na mchoro vitatoka safi hata kwa shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/15 ya sekunde ukishika vizuri. Mchezaji wa ngoma hakisimamishi. Mwendo unasimamishwa na shata ya kasi, 1/250 au zaidi, na shata ya kasi inataka mwanga. Dodoma jua huzama takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Ngoma nzuri mara nyingi ndiyo kwanza inakolea.

Ndiyo maana napendekeza kwa moyo wote lenzi moja ndogo isiyo ya zumu, ya 50mm f/1.8 kwa Canon au 35mm f/1.8 kwa Nikon. Ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa, na hupitisha mwanga karibu mara 10 ya zumu iliyofika f/5.6. Haivuti. Unasogea wewe.

Hatua ya 4: Chagua njia moja

Njia ninayoipendelea ni bodi (kamera bila lenzi) ya mtumba ya DSLR, ile kamera yenye kioo ndani na inayobadilishwa lenzi, yenye sensa ya APS-C, pamoja na zumu ya kati. Kwa Canon ni 18–135, kwa Nikon 18–140. Bodi kama Nikon D5600 au D3500, au Canon 250D, zimeshuka bei kwa sababu makampuni yamehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, wala si kwa sababu picha zake zimekuwa mbaya. Faida kubwa ya safarini ni betri: kwa vipimo vya kiwanda D3500 hupiga picha 1,550 kwa chaji moja, 250D hupiga 1,070. Sony a6000, ambayo ni nyepesi na nzuri pia, hupiga takriban 360. Ukilala sehemu ambayo umeme unategemea jua la mchana, utaielewa tofauti hiyo. D5600 na 18–140 yake ni kama gramu 950. Baadaye, ukihitaji urefu, ongeza Canon 55–250 STM yenye gramu 375, au Nikon 70–300 ya AF-P yenye gramu 415.

Njia ya pili ni kamera moja isiyobadilishwa lenzi yenye sensa ya inchi 1. Panasonic FZ1000 ya mwaka 2014 ina 25–400 na tundu la f/2.8–4, kwa gramu 831. Inamfaa mtu ambaye hataki kabisa kubeba lenzi ya pili, na anayetaka kupiga kiboko na mandhari ndani ya dakika moja. Sony RX10 IV inafika 600, ni nzuri mno, lakini bei yake inaitoa kwenye mwongozo huu.

Njia ya tatu ni zumu ndefu ya sensa ndogo, kama Nikon P900 inayotoka 24 hadi 2000. Kwa ndege wa asubuhi na mwezi, inafanya kitu ambacho njia mbili za kwanza haziwezi kwa bei hiyo. Jua likizama, iweke begini. Ukiichagua ukijua hivyo, hutajuta.

Kuhusu lenzi moja ya kila kitu, kama Tamron 18–400: inafanya kazi, ina gramu zaidi ya 700, na ukivuta hadi mwisho unabaki na f/6.3. Kwa bei yake mara nyingi unapata lenzi mbili za mtumba zenye picha safi zaidi. Mimi ningechukua mbili.

Hatua ya 5: Kagua kamera ya mtumba papo hapo

Nenda na memori kadi yako, tochi ya simu na karatasi nyeupe. Nenda mchana. Msalimie muuzaji, umwambie wazi: “Kaka, naomba niikague taratibu, nipige picha kadhaa.” Anayekataa hilo amekujibu tayari.

Washa tochi upande mmoja wa lenzi, chungulia upande mwingine. Vumbi chembechembe si tatizo. Ukiona nyuzinyuzi kama utando au madoa yenye mizizi, huyo ni ukungu wa fangasi, acha. Dodoma ni kukavu, fangasi huku si wepesi. Lenzi iliyoishi pwani ndiyo ya kuchunguzwa mara mbili, na kamera nyingi hupandishwa kutoka Dar es Salaam.

Piga karatasi nyeupe kwa f/16, fokasi ikiwa imepotezwa makusudi. Madoa ya kijivu yanayokaa mahali palepale picha hadi picha ni vumbi juu ya sensa. Kwenye DSLR linasafishika. Kwenye kamera isiyobadilishwa lenzi, fundi lazima aifungue yote, kwa hiyo hilo liwe sababu ya kuiacha au kushusha bei sana.

Piga ukuta wa matofali ukiwa umeukabili moja kwa moja, kwanza kwa upana, kisha ukiwa umevuta. Kuza picha kwenye kioo cha kamera, linganisha pembe nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu safi, lenzi imewahi kuanguka.

Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho ukisikiliza. Mchanga ukikwaruza ndani, utausikia. Inamisha kamera: lenzi ikishuka yenyewe kwa uzito wake, si kasoro ya kuikataa, ila utajua imetumika.

Uliza idadi ya mipigo ya shata. Bodi za ngazi ya kwanza za Nikon hutengenezwa kwa makadirio ya mipigo 100,000. Kwa Nikon, idadi hiyo imo ndani ya faili la picha, na programu za bure za kusoma taarifa za picha zitaionyesha. Iliyopiga 20,000 na iliyopiga 90,000 haziwezi kuwa bei moja.

Kwa wanunuzi wa Nikon: bodi za familia za D3000 na D5000, kama D3500 na D5600, hazina mota ya fokasi ndani, hivyo nunua lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P. Lenzi za zamani za AF na AF-D utalazimika kuzifokasi kwa mkono. Na AF-P nazo hazifokasi kwenye bodi za zamani kama D90 na D3100. Muuzaji anaweza asiijue hii, kwa hiyo ijaribu lenzi kwenye bodi hiyohiyo utakayoondoka nayo.

Ukikuta Canon imeandikwa Kiss au Rebel, usishtuke. Ni majina ya Japani na Marekani: Kiss X10, Rebel SL3 na 250D ni kamera ileile. Kwa Sony zilizotoka Japani, fungua menyu kwanza. Nyingi zina Kijapani tu na hazibadiliki.

Mwisho dai risiti ya EFD yenye namba ya kamera. Ukinunua kwa mtu binafsi, omba kuona risiti yake ya awali, kwa usalama wako.

Hatua ya 6: Gawa pesa kabla hujazitoa

Weka kando sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa betri ya pili, memori kadi mbili na begi linalofunga vizuri. Iliyobaki, lenzi zipate angalau kiasi sawa na bodi. Lenzi nzuri utaihamishia kwenye bodi nyingine miaka mitano ijayo, ila bodi itaendelea kushuka bei.

Memori kadi bandia ni nyingi: imeandikwa GB 128, ndani ni 8, na picha zinapotea kimyakimya. Zijaribu nyumbani kwa programu ya bure ya h2testw kwenye kompyuta, ambayo huijaza kadi na kuisoma tena. Kadi mbili za GB 64 ni salama kuliko moja ya 128.

Hatua ya 7: Jiandae kwa vumbi

Upepo wa kiangazi Dodoma hauhitaji maelezo. Zumu inayorefuka huvuta hewa ndani kila unapoivuta, na vumbi huja nayo. Badilisha lenzi ndani ya gari lililofungwa vioo, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukitazama chini. Beba pampu ya mkono ya kupulizia. Usipulize kwa mdomo, mate yataganda kwenye kioo. Kitambaa kije baada ya pampu, maana ukifuta kwanza unasaga mchanga juu ya lenzi. Kichujio kisicho na rangi, cha kukinga kioo cha mbele cha lenzi, ni pesa ndogo inayofaa sana huku.

Hatua ya 8: Fanya mazoezi nyumbani, kisha safiri

Panda kilima alfajiri, piga mji kwa upana na kwa kuvuta. Ingia soko la Majengo, omba ruhusa kwa muuza zabibu kabla ya kuinua kamera, piga sura yake kwenye kivuli cha banda ili ujue ISO yako (kiwango cha kamera kukuza mwanga mdogo) inafika wapi kabla ya chengachenga. Bunge, Ikulu ya Chamwino, kambi, vituo vya polisi na stesheni ya SGR si mahali pa mazoezi bila kibali.

Ukifika kijijini salimia kwanza. “Mbukwenyi”, salamu ya Kigogo, itakufungulia nyuso kuliko lenzi yoyote, na kwa mzee shikamoo haina mbadala. Uliza kama picha inaruhusiwa, hasa penye tambiko au msiba.

Kolo ripoti kwanza ofisini, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji. Michoro hiyo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na baadhi imefifia sana. Zima flashi. Usiruhusu mtu yeyote amwagie maji mchoro ili rangi ionekane, maji yanauharibu. Hapa tumia lenzi ya f/1.8 au zumu ukiwa kwenye upana, ISO 800 hadi 1600, viwiko umevibana mbavuni. Piga mchoro kwanza, kisha rudi nyuma upige mwamba wote ukiwa na bonde chini yake, ili mtazamaji ajue waliochora walikuwa wanatazama nini.

Usiku, hamishia picha kwenye simu au kompyuta kabla ya kulala, weka betri kwenye chaji, na usifute chochote kwenye kadi mpaka urudi nyumbani.